Mensa sio mesa: nilivyosahihisha maneno ya Bibi mpaka yakapotea

Nianze kwa kukiri, mimi ni mtu wa kalamu nyekundu. Miaka kumi na kitu mkono umeenda kinywani kwa kusahihisha Kiswahili cha watu, vitabu vya shule, ripoti za mashirika, hotuba za wakubwa, hadi kadi za michango ya harusi watu walikuwa wananiletea wanasema kaka hebu pitisha jicho hapa. Na nilikuwa mkali asee. Ukisema "naendaga" mbele yangu nasikia kama umenikanyaga kidole. Ukisema "saivi" nakuuliza saivi ndo nini, ni saa hivi! Leo naandika saivi kwa raha zangu kama mnavyoona, na kilichonifikisha huku ni Kilatini, tena sio kile cha Cicero, yule msemaji wa Roma ya zamani, tulichochapwa nacho seminari, ni kile cha mwisho mwisho, cha karne ya 4, ya 5, ya 6, wakati dola ya Roma ya magharibi inamong'onyoka na watu wanaongea wanavyoongea.

Nilisoma seminari ndogo huko kwetu Kagera, siitaji. Kilatini tulikuwa tunakiimba kama tebo ya hesabu, mensa, mensa, mensam, mensae, mensae, mensa, darasa zima, Padre anapita katikati ya madawati na kifimbo chake. Ukikosea mwisho wa neno, ukaweka mensa pale panapotakiwa mensam, jioni unaenda jikoni kusugua sufuria la uji, na lile sufuria mtu anaweza kuingia ndani akaoga. Mensa maana yake meza. Siku ya kwanza kusikia tulicheka, mwenzetu mmoja akanyoosha mkono, "Padre, kwa hiyo Warumi waliiba meza yetu?" Padre akasema kaa chini, sisi tumeitoa kwa Wareno, wao wanasema mesa, na Wareno wameirithi kwa Warumi. Tukaandika kwenye madaftari. Hakuna aliyeuliza ile n ilidondokea wapi njiani. Hilo swali liwekeni pembeni.

Sasa mwaka 2008, vita vya Kagera vinatimiza miaka 30, shirika moja likawa linakusanya kumbukumbu za wazee wa vijiji vya kaskazini ya mto Kagera, kule majeshi ya Idi Amin yalikoingia mwaka 1978. Mimi nikapewa kazi ya kuchapa. Vijana wanaenda na redio kaseti, wanarekodi, wananiletea, mimi nasikiliza naandika. Kaseti zilikuwa za kuhesabu, kwa hiyo ukimaliza kuchapa moja inarudi kijijini inarekodiwa mzee mwingine juu yake. Hakuna aliyeona shida na hilo, mimi wa kwanza.

Kulikuwa na Bibi mmoja, jamani, yule Bibi alikuwa anajua kusimulia. Kiswahili chake cha kule kwetu, Kihaya kimo ndani, -ga kila mahali, l na r zinapeana viti. Anaeleza walivyofika mtoni usiku wanatafuta mtumbwi kwa sababu daraja la Kyaka lilishalipuliwa, ana mtoto mgongoni na kuku wawili kwenye tenga, anakumbuka hadi rangi ya kuku. Na alikuwa na neno lake la ule mlio wa mizinga. Neno la kuiga mlio wenyewe, nadhani ndo walivyokuwa wanaita pale kijijini kwao. Alilisema kama mara sita kwenye upande mmoja wa kaseti. Mimi nikaandika "milio ya mizinga". Mara zote sita. Alivyosema "hatukujuaga" nikaandika "hatukujua", alivyosema "tulidhaniaga ni radi" nikaandika "tulidhani kuwa ni radi", nikapanga na koma zangu vizuri, nikajiona nimemheshimisha Bibi wa watu.

Miaka kadhaa ikapita. Siku moja akanitafuta dada mmoja anasoma isimu chuo kikuu. Shikamoo kaka, marahaba, hizi simulizi ulizichapa wewe? Nikasema ndiyo, nikawa nimekaa mkao wa kusifiwa. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Kaka, mbona wazee 14 wote wanaongea kama mtangazaji mmoja wa taarifa ya habari?" Nikacheka kidogo. Akauliza kaseti zipo? Hazipo. Akasema sawa, huyu Bibi hapa, "milio ya mizinga", alisema hivyo kweli? Nikasema hapana alikuwa na neno lake. Neno gani? Nikafungua mdomo. Halikuja kitu. Nimelisikia mara sita, nimelifuta mara sita kwa mkono wangu, kichwani imebaki "milio ya mizinga" tu. Yule dada hakunilaumu, aliandika kitu kwenye daftari lake akashukuru akaondoka, na ningependa angenigombeza.

Ndo katika siku hizo, usiku umeme umekatika nipo na simu, nikakutana na kitu kinaitwa Appendix Probi. Ni orodha tu. Mistari 227, imeshikizwa pamoja na kitabu cha sarufi chenye jina la Probus ndo maana ikaitwa hivyo, aliyeiandika hakuacha jina, nakala ya zamani iliyobaki ni ile ya monasteri ya Bobbio kaskazini mwa Italia ambayo saivi ipo Naples. Kila mstari una neno zuri, alafu non, yaani sio, alafu neno bovu. Speculum non speclum, hiyo ni kioo. Oculus non oclus, jicho. Calida non calda, ya moto. Auris non oricla, sikio. Numquam non numqua, kamwe. Yaani ni "shikamoo sio shkamoo", "nimeshafika sio nshafika", ukurasa kwa ukurasa. Nikacheka peke yangu gizani. Huyu jamaa ni mimi! Ni ndugu yangu kabisa wa kalamu nyekundu, namuona amekaa na watoto wa watu darasani masikio yanamuuma. Hata kwenye ukwe hakuwaacha watu wapumue, socrus non socra, nurus non nura, mama mkwe na mke wa mwanao waite vizuri.

Alafu nikafika kwenye mstari unaosema: mensa non mesa.

Niliinuka nikakaa. Ile n ya Padre! Kumbe haikudondokea Ureno, wala haikudondoka baharini kwenye merikebu za Vasco da Gama mwaka 1498. Ilishadondoka zamani midomoni mwa Warumi wenyewe, wanaongea Kilatini chao sokoni na jikoni, na mwalimu mmoja anawakimbiza nyuma anasema jamani n, n! Hawakumsikiliza. Mesa ikabaki midomoni mwa watu kule Ureno, karne zikapita ikapanda merikebu, ikashuka pwani yetu ikawa meza. Na wenzake hivyo hivyo, oclus ndo olho ya Wareno na occhio ya Waitalia, oricla ndo orelha, socra ndo sogra, calda ndo Waitalia wanaagizia maji ya moto mpaka leo. Mensa yenyewe ilibaki vitabuni na kwenye midomo ya waseminari wanaoogopa sufuria. Sisi wote tunakulia ugali juu ya kosa.

Hilo peke yake lingetosha kuwa kichekesho cha kuwapa watu kijiweni. Ila kilichoninyima usingizi ni kingine. Yule jamaa, pamoja na ukali wake wote, aliandika kosa. Alilichukia lakini akaliandika, herufi kwa herufi, pembeni ya lile analolipenda. Wataalamu leo wanajua watu walikuwa wanaongeaje kwa sababu yeye alilalamika kwa usahihi. Angekuwa mimi angeandika mensa, speculum, oculus, safi, zimenyooka, na zile mesa na speclum asingezigusa, na hiyo karatasi isingekuwa na faida yoyote kwa sababu mensa tunayo kila mahali. Mimi nilichapa upande wa kushoto tu. Upande wa kulia nikaurekodia juu.

Basi nikaanza kusoma hicho Kilatini cha baadae kama mtu anayetafuta ndugu aliyepotea. Wa kwanza kunishika ni mama mmoja anaitwa Egeria, alisafiri kwenda nchi takatifu miaka ya 380 na kitu, akawa anawaandikia wenzake wa kike waliobaki nyumbani. Maandishi yake yalionekana Arezzo mwaka 1884, mwanzo umepotea na mwisho umepotea. Pale yanapoanzia tu wapo safarini kuelekea mlima Sinai, milima inafunguka mbele yao, anaona bonde, anaandika vallem infinitam ingens, planissima et valde pulchram. Bonde lisilo na mwisho, kubwa ajabu, tambarare kabisa na zuri mno. Sasa kwa sheria za Padre hizo sifa zote nne lazima zivae mwisho wa neno unaofanana na bonde lenyewe, kama sisi tunavyosema bonde refu na sio bonde ndefu. Infinitam imevaa. Pulchram imevaa. Ingens na planissima zipo kifua wazi. Hayo ni masufuria mawili hayo. Labda na aliyenakili baadae alichangia, sawa, lakini mimi namuona huyu mama amesimama pale juu ameduwaa, sifa zinamtoka moja baada ya nyingine, nani anakumbuka akusativu, huo mwisho wa -m, ukiwa umeona bonde kama lile?

Na kwenye sentensi hiyo hiyo anaandika montes illi, milima ile. Anaipenda sana hiyo ille, kila kitu kwake ni kile, ni yule, na hapo ndo unaona neno linaanza kuchoka polepole mpaka vizazi vya mbele linakuwa kale ka-il na le na la wanakokabandika Waitalia na Wafaransa mbele ya majina. Haina undugu na ile yetu, ni bahati tu, ila kazi zimekaribiana, sikiliza mtu anavyosimulia kwenye daladala, "yule konda akamwambia yule mama", hakuna konda mwingine pale wala mama mwingine.

Augustino nilikuwa namjua kama mtakatifu wa kwenye kitabu cha sala. Nilikuwa sijui ni mtoto wa Afrika aliyechekwa lafudhi. Kazaliwa Thagaste, ndo Souk Ahras ya Algeria ya leo, mwaka 354, akaenda Italia akawa mwalimu wa ufasaha pale Milano, mwalimu wa ufasaha jamani, na bado anaandika mwenyewe kwamba Waitalia wanamsumbua kwa jinsi anavyotamka baadhi ya maneno. Hapo nilicheka kwa uchungu kidogo maana mimi nimefika Dar na kuchekwa vya kutosha, nimesahihisha vitabu vya watu waliokuwa wananiigiza korido nzima.

Ila yeye alienda mahali ambapo mimi sikuenda. Kilatini kina os mbili, moja ni mdomo, o yake inavutwa, nyingine ni mfupa, o yake fupi. Sasa Waafrika wa wakati wake walikuwa hawasikii tena tofauti ya irabu ndefu na fupi, anasema kabisa masikio ya Kiafrika hayahukumu hilo, kwa hiyo ukisoma zaburi ukasema os watu hawajui ni mdomo au mfupa. Mtaani walishajitatulia, mfupa wakawa wanauita ossum, kosa tupu kwa watu wa sarufi. Augustino, profesa mzima, akasema kwa nini mwalimu wa dini aone aibu kusema ossum kama ndo watu wataelewa? Na mahali pengine akamaliza kabisa: melius est reprehendant nos grammatici, quam non intelligant populi, bora wanasarufi watulaumu kuliko watu wasielewe. Nikikumbuka kuna mahali kwenye Maungamo yake anawasema watu wanaoona vibaya zaidi kudondosha h ya hominem kuliko kumchukia huyo homo mwenyewe, yaani binadamu, naona ananitazama mimi na kalamu yangu.

Asije mtu akadhani watu wa kawaida walikuwa wapole wanasahihishwa tu. Kuna kisa Augustino alimwandikia Jerome, yule mtafsiri wa Biblia, mwanzoni mwa miaka ya 400. Kule Oea, ndo Tripoli ya Libya, askofu alisoma kanisani kitabu cha Yona kwa tafsiri mpya ya Jerome. Ule mmea uliomfunika Yona kivuli, watu wamezoea tangu babu zao kusikia cucurbita, mtango au mmumunye vile wa kutambaa, Jerome kaandika hedera, mtambaazi wa aina nyingine kabisa. Kanisa likachafuka. Watu wakapiga kelele hadi askofu akalazimika kwenda kuwauliza Wayahudi wa pale, na alikuwa karibu abaki bila waumini. Kwa neno moja la mmea! Nilivyosoma hiki kisa nilimfikiria Bibi. Waumini wa Oea walikuwepo, walisikia, wakagoma. Mimi neno la Bibi nililing'oa kimya kimya nikapanda langu, na hakuna aliyegoma kwa sababu kile kitabu kilichapwa Dar na Bibi hasomi.

Na kuhusu ile -ga niliyokuwa naichukia. Nilijifunza kitu kimoja ambacho kilinimaliza nguvu kabisa. Warumi wa zamani "nitaimba" ni cantabo. Watu wakaanza kuzungukia, cantare habeo, kama vile "ninayo ya kuimba", na hiyo habeo ikawa inakatwakatwa mpaka ikaganda kwenye kitenzi, ndo Wareno wanasema cantarei, Wafaransa chanterai. Kuna kitabu cha historia cha karne ya 7, kinaitwa cha Fredegar, kina utani kuhusu mji wa Daras, mfalme wa Waajemi anasema non dabo, sitatoa, Justiniano, kaisari wa Roma ya mashariki, anamjibu daras, utatoa! Hiyo daras ni dare habes iliyominywa, ni kama kumsikia mtu anasema "ntakuja" kwa mara ya kwanza kwenye karatasi. Sasa jiulize -ta- yetu ya "nitakuja" imetoka wapi. Ni taka. Nataka kuja, ikaminywa ikawa nitakuja, na ushahidi upo wazi kila siku, ukisema "atakayekuja" ile taka nzima inarudi imekaa katikati. Na "mtu" yenyewe, kwetu Bibi zetu wanasema omuntu, wenzetu wa mashariki ya Kongo wanasema mutu, sisi u tumeimeza. Hicho Kiswahili sanifu nilichokuwa nakilinda na kalamu kimejaa speclum na mesa za watu waliokufa, tofauti yake na "naendaga" ni kwamba mwalimu wao tumemsahau.

Sisemi sasa kila mtu aandike anavyotaka. Mkataba wa kiwanja ukiniletea nitausahihisha na nitakutoza hela. Ingawa hata hapo, kuna vibao vya mbao viliokotwa mwaka 1928 mpakani mwa Algeria na Tunisia, hati za mauziano za miaka ya 493 hadi 496 wakati wa utawala wa Wavandali, wale wavamizi kutoka Ulaya walioteka Afrika ya kaskazini, mashamba, mizeituni, mitini, bei, mashahidi, na kwenye spelingi b na v zinapigana vikumbo, na shamba likauzwa vile vile.

Mwaka juzi nilirudi kule. Bibi alishafariki. Nikampata binti yake, mama mtu mzima saivi, ndo yule aliyekuwa mgongoni wakati wanavuka. Nikamuuliza mama, Bibi alikuwaga anaitaje ule mlio wa mizinga? Akafikiri sana, akasema guduguu. Jirani yake mzee mmoja aliyekuwa anatusikiliza akadakia, hapana bwana, guduguu ilikuwa ya kwetu huku, mama yako alikuwaga anasema kutukutu, maana wao walikuwa karibu zaidi. Wakabishana pale mpaka chai ikapoa. Mimi masikio yangu hayakutambua hata moja. Nimeyaandika yote mawili kwenye daftari, moja kushoto moja kulia, na katikati sijaweka sio.